Sura ya Tano: Kijiji Kiitwacho Gumboro

Simama asubuhi kwenye duka lolote la dawa za mifugo, liwe la Mbagala, la Kihonda au la Thika, na haitapita nusu saa kabla hujasikia mtu akiuliza, "Ya gumboro ipo?" Muuzaji anafungua friji, anatoa kichupa, anakizungushia barafu na gazeti, mteja anaondoka. Neno limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayelishangaa. Linatamkika vizuri mdomoni, irabu zake zimekaa mahali pake, na mfugaji mmoja aliwahi kuniambia kwa uhakika kabisa kuwa limetoka katika lugha ya kabila fulani la kusini. Sikumbishia. Wakati ule nilikuwa mgeni katika kazi ya ugani, na mimi pia sikuwahi kujiuliza limetoka wapi.

Gumboro ni kijiji. Kipo Marekani, katika jimbo dogo la Delaware, wilaya ya Sussex, kwenye rasi ambayo majimbo matatu yamegawana: Delaware, Maryland na Virginia. Wenyeji wameyakatakata majina hayo matatu wakayaunga, wakaiita rasi yao Delmarva. Ni nchi tambarare yenye udongo wa kichanga, iliyo karibu na miji mikubwa ya pwani ya mashariki. Aliyeifanya ijulikane duniani kwa kuku alikuwa mama mmoja wa Ocean View, katika wilaya hiyohiyo ya Sussex, jina lake Cecile Steele. Mwaka 1923 aliagiza vifaranga 50 wa kuongeza kuku wake wa mayai. Wakamletea 500 kwa makosa. Badala ya kuwarudisha aliwawekea banda, akawalisha, na walipofikia uzito wa ratili mbili hivi akawauza kwa ajili ya nyama kwa bei nzuri sana. Mwaka uliofuata aliagiza 1,000. Majirani wakamwiga, na katika muda mfupi wilaya nzima ikawa ya mabanda marefu. Broila tunayemla leo kwenye chipsi kuku ana ukoo wake kule.

Ninaanza na habari ya Mama Steele kwa sababu ugonjwa huu usingeonekana bila yeye na majirani zake. Kirusi kinachoua vifaranga wa rika moja tu, kwa siku chache tu, kisha kikaacha, hakina pa kujionyesha katika boma lenye kuku 12 wa umri mbalimbali wanaochakura chini ya mwembe. Atakufa mmoja, utasema kachukuliwa na baridi. Weka vifaranga elfu kumi walioanguliwa siku moja chini ya paa moja, na kitu hichohicho kitakuwa msiba ambao kila mtu anauona.

Msiba huo ulianza kuonekana Delaware mwaka 1957, kwenye mashamba ya eneo la Gumboro. Vifaranga wa wiki nne au tano walikuwa wanachangamka vizuri, kesho yake wamejikunyata pembeni na manyoya yamewasimama, wanatetemeka, wanaharisha uharo mweupe wa majimaji, na baadhi yao wanajidonoa wenyewe kwenye tundu la haja. Siku ya tatu vifo vinapanda. Baada ya siku tano hadi saba vifo vinakoma, na waliobaki wanarudi kula kama vile hapakuwa na jambo. Mtaalamu wa magonjwa ya kuku aliyekuwa akihudumia eneo lile, Albert Cosgrove, alipasua mizoga mingi. Akaona figo zimevimba, zimejaa chumvi nyeupe za mkojo. Mwaka 1962 alichapisha maelezo yake akiuita ugonjwa mpya wa figo za kuku. Wafugaji hawakuwa na haja ya jina refu hivyo. Wao waliuita kwa jina la kijiji.

Hapo ndipo utafiti ulipopata kosa lake la kwanza, na ninalipenda kosa hili kwa namna lilivyosahihishwa. Tayari wataalamu walikuwa wanajua kirusi cha mkamba wa kuku, ambacho baadhi ya aina zake huharibu figo. Watafiti wawili, Winterfield na Hitchner, walichukua figo za kuku wagonjwa, wakapata humo kirusi cha jamii hiyo ya mkamba, wakakipa jina la Gray. Mshtakiwa alikuwa amepatikana eneo la tukio. Figo mbovu, na ndani yake kirusi kinachojulikana kuharibu figo. Nani angeuliza zaidi?

Waliuliza. Kama kirusi cha Gray ndicho muuaji, basi kuku aliyekwisha kuwa na kinga dhidi yake hapaswi kuugua tena akipewa vijidudu kutoka kwa kuku wa Gumboro. Wakachukua kuku wenye kinga hiyo, wakawaambukiza. Waliugua. Na walipopasuliwa, kitu kilichokuwa kimeharibika kwa kila mmoja hakikuwa figo. Kilikuwa kifuko kidogo kilichopo nyuma kabisa, juu ya pale utumbo unapoishia, kiitwacho bursa ya Fabricius. Kirusi cha Gray kilikuwa mpita njia aliyekutwa kwenye nyumba iliyoungua. Aliyeichoma alikuwa mwingine kabisa, na hatimaye walifanikiwa kumkuza kwenye mayai yenye viini tete. Mwaka 1970 Hitchner akapendekeza ugonjwa uitwe kwa kiungo kinachoharibiwa: ugonjwa wa kuambukiza wa bursa. Ndilo jina la vitabuni hadi leo. Dukani limebaki gumboro.

Lakini bursa ni nini hasa? Jibu la swali hili lina umri unaokaribiana na wa ugonjwa wenyewe.

Kifuko hiki kilielezwa kwanza na Hieronymus Fabricius, mwalimu wa anatomia wa Padua huko Italia, katika kitabu kilichotoka mwaka 1621, miaka miwili baada ya kifo chake. Alikiona kwenye kuku jike karibu na njia ya yai, akadhani ni ghala la kutunzia mbegu za jogoo. Hoja hiyo haikudumu, maana majogoo nao wanacho. Basi kikabaki hivyo, kifuko chenye jina la mtu na kisicho na kazi, kwa zaidi ya miaka mia tatu. Kila aliyepasua kuku alikiona. Kwa kifaranga wa wiki nne kina ukubwa wa zabibu, rangi ya maziwa, na ukikikata utaona ndani mikunjo iliyopangana kama kurasa za kijitabu. Kuku akipevuka, kifuko kinanyauka na kupotea. Ni rahisi kukidharau kitu ambacho mwenye nacho mwenyewe anakiacha ukubwani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanafunzi wa chuo kikuu cha jimbo la Ohio, Bruce Glick, alimwona profesa wake akimpasua bata bukini na kutoa kifuko hicho. Akauliza kinafanya kazi gani. Profesa hakuwa na jibu, akamwachia yeye alitafute. Glick akaanza kupima bursa za kuku wa umri tofauti, akagundua kuwa hukua kwa kasi kubwa katika wiki tatu za kwanza za maisha. Kama kina kazi, akafikiri, kazi hiyo inafanyika mapema. Akaanza kuwatoa vifaranga bursa na kuwafuga ili aone watapungukiwa na nini. Walikua, wakanenepa, hawakuonyesha kupungukiwa na chochote.

Kisha mwenzake, Timothy Chang, akahitaji kuku kwa ajili ya somo. Alitaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi mwili unavyotengeneza kingamwili: unamdunga kuku bakteria wa salmonela, unasubiri, unachukua damu yake na kuichanganya na bakteria haohao, nao wanagandamana. Ni jaribio ambalo halikosei. Kuku waliokuwepo ni wa Glick, wakatumika hao. Baadhi yao walikufa baada ya kudungwa. Damu ya wengine haikugandisha chochote. Chang alikuwa na kila sababu ya kuona aibu mbele ya darasa lake na kuwatupa kuku wale. Yeye akaenda kuangalia namba za kwenye mabawa. Wasiotengeneza kingamwili walikuwa ndio waliotolewa bursa wakiwa wadogo.

Waliandika makala, jarida kubwa la Science likaikataa, ikachapishwa mwaka 1956 katika jarida la wataalamu wa kuku ambalo madaktari wa binadamu hawakuwa na desturi ya kulisoma. Ilichukua karibu miaka kumi maana yake ieleweke. Mwaka 1965 Max Cooper na wenzake wa Minnesota walionyesha kwamba ulinzi wa mwili una majeshi mawili: moja linapata mafunzo kwenye tezi ya thaimasi iliyopo shingoni na kifuani, jingine, kwa kuku, kwenye bursa. La pili ndilo linalotengeneza kingamwili. Chembe zake zinaitwa chembe B, na B hiyo ni ya bursa. Sisi binadamu hatuna kifuko hicho, chembe zetu B hukomaa kwenye uboho wa mifupa, lakini herufi tumeiazima kwa kuku. Kila mtoto anayepigwa sindano ya surua kliniki ya Mwananyamala anakingwa na chembe zenye jina lililotoka nyuma ya kuku wa Ohio.

Ukiyaweka mambo haya mawili pamoja, unapata ugonjwa wenyewe. Kirusi cha gumboro kinaingia kwa mdomo, kwenye chakula au maji, kinapita kwenye chembe za utumbo, kinafika kwenye bursa, na huko kinatafuta chembe B changa, zile zinazogawanyika kwa kasi, kinazalia ndani yake na kuziua. Ndiyo maana kinamkumba kifaranga wa wiki tatu hadi sita: huo ndio wakati bursa imejaa. Ndiyo maana kuku mkubwa haugui, hana tena kifuko cha kushambuliwa. Kinachoshambuliwa ni kiwanda cha kinga. Mitaani utasikia watu wakiuita UKIMWI wa kuku. Virusi hivi viwili havina undugu wowote, na gumboro haimwambukizi binadamu, lakini aliyebuni jina hilo alikuwa ameangalia vizuri banda lake.

Kuna jambo la kutisha zaidi, na wafugaji wengi hawajaambiwa. Kirusi kikimpata kifaranga wa chini ya wiki tatu asiye na kinga kutoka kwa mama yake, mara nyingi hafi. Hata haonekani mgonjwa. Anakula, anakimbia, anaitikia ukigonga kopo la chakula. Lakini bursa yake imekwisha kuharibiwa ikiwa bado inajengwa, na hasara hiyo ataishi nayo maisha yake yote. Chanjo utakazompa baadaye zitaingia mwilini zikute hakuna wa kuzipokea.

Jinsi chanjo inavyokosa wa kuipokea nilijifunza kwa mama mmoja wa Kibaha. Alikuwa mjane, amechukua mkopo wa kikundi, ameweka vifaranga 400 wa mayai. Wiki ya nne wakaanza kufa. Duka lililokuwa karibu naye likampa unga wa antibiotiki wa kuchanganya kwenye maji, akawapa siku tano mfululizo, na siku ya sita vifo vikakoma. Alipoteza 90 na zaidi. Nilipofika alikuwa anamshukuru Mungu na ile dawa. Ratiba ya chanjo ilikuwa imebandikwa mlangoni kwa gundi, kila siku imewekewa alama ya vema: siku ya 7 kideri, siku ya 14 gumboro, siku ya 21 kideri, siku ya 28 gumboro. Sikupasua kuku hata mmoja, kwa sababu hapakuwa na mzoga, na kwa sababu mwenyewe niliona mambo yameisha.

Antibiotiki haiui virusi. Vifo vya gumboro hukoma vyenyewe baada ya wiki moja, dawa iwepo au isiwepo, na dawa yoyote iliyotolewa siku zile hupewa sifa isiyo yake. Mwezi mmoja baadaye mama alinipigia simu analia. Kideri kilikuwa kimeingia. Shingo zinapinda, uharo wa kijani, wanakufa asubuhi na jioni. "Mwanangu, nimechanja mara mbili," alisema. "Niliwachanja kwa mkono wangu. Mmeniuzia maji?"

Chanjo ilikuwa nzuri. Kuku ndio waliokuwa wamenyang'anywa uwezo wa kuipokea, na ushahidi wa hilo ulikuwa umelala kwenye ile mizoga 90 iliyofukiwa nyuma ya banda bila mtu kuifungua. Ningekuwa nimefika siku ya tatu na kisu, ningejua. Nimelibeba jambo hilo kwa miaka mingi.

Kwa hiyo naomba nieleze taratibu jinsi ya kumfungua kuku wa aina hii, maana nimechoka kuona watu wakichimba mashimo.

Chagua aliyekufa asubuhi ileile, au bora zaidi, mgonjwa aliye taabani umchinje. Mloweshe kwa maji ya sabuni ili manyoya na vumbi visipeperuke. Chana ngozi kati ya paja na tumbo, uivute. Kabla hujafika mbali, angalia nyama ya paja na ya kifua. Kwa gumboro mara nyingi utaona michirizi na madoa ya damu ndani ya msuli, kana kwamba kuku amechapwa fimbo. Fungua tumbo. Fuata tumbo la mbele, lile lenye tezi, hadi linapokutana na firigisi, ukate pale kwenye kiungio: wakati mwingine pana mstari wa damu. Figo zinaweza kuwa zimevimba na kupauka, zilezile zilizompoteza Cosgrove. Hizo huvimba kwa sababu kuku amekaukiwa na maji, ameharisha na hakunywa.

Sasa nenda nyuma. Vuta utumbo mpana polepole kuelekea kwenye tundu la haja, na kifuko utakiona juu yake, upande wa mgongo. Hapa tarehe ni kila kitu. Siku ya tatu tangu kuambukizwa, bursa inavimba na kufunikwa na uteute wa manjano kama jeli. Siku ya nne uzito wake umefika karibu mara mbili ya kawaida. Siku ya tano imerudi kwenye uzito wake wa kawaida, na kufikia siku ya nane imesinyaa hadi theluthi moja ya uzito wake wa awali, kijivu, ngumu kidogo. Katika mlipuko mkali sana inajaa damu ndani na nje, inakuwa na rangi ya zambarau, na ukubwa wa zambarau pia. Ukiiona hivyo mara moja huisahau. Anayefungua kuku wa siku ya tano peke yake anaweza kukuta kifuko cha ukubwa wa kawaida akasema hakuna gumboro. Ndiyo maana unafungua watano au sita, wa siku tofauti, na kuzipanga bursa zao mezani kwa mstari. Zikipangwa hivyo zinasimulia wiki nzima.

Kwenye banda, magonjwa yanayofanana na gumboro ni mengi. Koksidia huharisha damu, lakini jeraha lake liko kwenye utumbo na bursa inabaki salama. Kideri nacho huweka damu kwenye tumbo la mbele, ila huua wa rika zote na hupindisha shingo. Jicho linatoa dhana, na maabara ndiyo inayothibitisha. Zamani, na pengine hadi leo katika maabara zisizo na fedha, jaribio lilikuwa la sahani yenye jeli iliyotobolewa vishimo: kimoja unatia bursa iliyosagwa, cha jirani seramu yenye kingamwili ya gumboro. Vitu viwili vinasafiri ndani ya jeli, vikikutana vinachora mstari mweupe. Unaweza kusubiri siku moja au mbili. Ni jaribio la bei ndogo na nina heshima nalo. Siku hizi kuna kipimo cha PCR kinachosoma vinasaba vya kirusi chenyewe, hasa kipande cha gamba lake la nje ambacho hubadilika sana, na hicho kinaweza kukueleza kirusi hiki ni ndugu wa nani.

Na undugu huo umekuwa na matukio mengi. Kirusi kina vipande viwili vya RNA, na virusi viwili tofauti vikikutana ndani ya chembe moja vinaweza kubadilishana vipande. Katikati ya miaka ya 1980, kulekule Delmarva, kuku waliochanjwa walianza kuonekana na bursa zilizosinyaa haraka bila kuvimba na bila vifo vingi. Kirusi kilikuwa kimebadilisha sura kiasi cha kuipita chanjo. Miaka michache baadaye Ulaya, kwanza Ubelgiji na Uholanzi, ikapata kinyume chake: aina kali kupita zote, inayoweza kuua zaidi ya nusu ya vifaranga wa mayai katika banda. Aina hiyo ilisambaa Asia, Afrika na Amerika Kusini kwa kasi ya biashara ya kuku. Sisi Tanzania hatukupona. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Christopher Kasanga akiwa miongoni mwao, pamoja na wenzao wa Japani, walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya aina hiyo kali kutoka kwa kuku wa Tanzania, na wakaonyesha kwamba virusi vinavyozunguka hapa vina tofauti kati yao. Makala hiyo ina uzito kwangu. Kwa muda mrefu kirusi chetu kilikuwa kikielezwa kwa sampuli za watu wengine.

Kukiondoa kirusi hiki kwenye banda ni kazi ya mtu mwenye subira. Hakina utando wa mafuta kama virusi vingi, hivyo sabuni na vimiminika vinavyoyeyusha mafuta havikipati sana. Kinavumilia joto la nyuzi 56 kwa saa tano. Katika utafiti wa mwaka 1967, mabanda yaliyoondolewa kuku wagonjwa yaliendelea kuambukiza hata baada ya siku 122, na maji, chakula na kinyesi kutoka kwenye mabanda hayo baada ya siku 52. Mwaka huohuo watafiti wengine walikipata ndani ya wale wadudu wadogo weusi wanaoishi kwenye maranda, wiki nane baada ya mlipuko. Fikiria basi mfugaji anayetoa kuku Jumatatu, anapuliza dawa Jumanne, na Ijumaa anapokea vifaranga wapya juu ya maranda yaleyale. Maranda yatoke yote, yapelekwe mbali. Sakafu isuguliwe kwa maji na sabuni hadi kinyesi kiishe, kwa sababu dawa haipiti kwenye kinyesi, ndipo ipulizwe yenye formalini au iodini. Na viatu vya jirani anayekuja kusalimia vibaki nje. Hili la mwisho ni gumu kuliko yote, najua, maana kwetu mgeni hazuiwi mlangoni.

Chanjo ya gumboro nayo ina ugumu wake. Kuku mama aliyechanjwa humpa kifaranga kingamwili kupitia kiini cha yai, na hizo humlinda siku za mwanzo. Hupungua kwa nusu kila baada ya siku tatu hadi tano hivi. Ukichanja mapema, kinga ya mama inaiua chanjo. Ukichelewa, kirusi cha shambani kinakutangulia. Kuna mlango mdogo wa siku chache kati ya hizo mbili, na vifaranga wa banda moja hawaufikii siku moja, hasa wakitoka kwa mama tofauti. Alama za siku ya 14 na ya 28 kwenye ratiba zetu ni makisio ya kuubahatisha mlango huo mara mbili. Mashamba makubwa hupima damu ya vifaranga na kukokotoa siku yao. Mfugaji wa kuku 400 hana kipimo hicho, na hiyo si haki, kwa kuwa gharama ya kupima damu ya vifaranga wachache, ikigawanywa na kikundi cha wafugaji kumi wanaonunua toka sehemu moja, ingekuwa ndogo kuliko ya mifuko ya chakula wanayopoteza.

Yaliyo mikononi mwa mfugaji ni haya: barafu tangu dukani hadi bandani, maji yasiyo na klorini, na unga wa maziwa yasiyo na mafuta, gramu mbili na nusu kwa lita, ili kufuta klorini iliyobaki kwenye maji ya bomba. Wanyime maji kwa saa moja au mbili kabla, wawe na kiu, wamalize chanjo ndani ya saa mbili. Vyombo viwe vya kutosha, la sivyo wanyonge watakosa, na mmoja aliyekosa anatosha kukihifadhi kirusi.

Yule mama wa Kibaha alifunga banda miezi minne. Alilipa mkopo kwa kuuza vitenge. Aliporudi kwenye kuku alianza na 150, akabadilisha maranda yote, akaweka beseni la dawa mlangoni na ndala za kuvaa ndani tu. Siku ya 26 alinipigia kabla ya jua kuchomoza.

"Wamekufa wawili usiku," alisema. "Usiniletee dawa kwanza. Njoo na kisu."

Nilimkuta amewaweka ndani ya ndoo yenye barafu, amefunika na kitambaa safi. Meza alikuwa ameshaiosha. Mapaja yalikuwa safi, firigisi safi. Alinishikia taa ya simu wakati navuta utumbo mpana, na akaiona kabla yangu: bursa nyeupe, ya ukubwa wake, bila jeli wala doa. Nilipokata vipofu vya utumbo nilikuta vimejaa damu iliyoganda.

"Hiyo ni koksidia," nilimwambia. "Hiyo ina dawa, mama."

Alibaki ameshika taa. "Ngoja," akasema. "Kikate na hicho kifuko, nione zile kurasa."